Kwenda Cuba si kosa, kosa ni kufungua pochi

Aprili 2013 Beyoncé na mumewe Jay-Z walionekana wakitembea mitaa ya Havana ya kale, watu wamewazunguka kama msafara wa harusi. Walikuwa wanaadhimisha miaka mitano ya ndoa yao. Picha zilipofika Marekani zilizua tafrani hadi bungeni. Wabunge wawili wa Florida, Ileana Ros-Lehtinen na Mario Díaz-Balart, waliiandikia Wizara ya Fedha wakitaka kujua wanandoa hao walikwenda kwa ruhusa ipi. Wizara ikajibu kwamba safari ilikuwa na kibali cha mabadilishano ya kielimu, na mwaka uliofuata mkaguzi wa wizara hiyohiyo akasema hakuona sheria iliyovunjwa.

Angalia ni nani aliyeulizwa. Si uhamiaji, si polisi, wala si Wizara ya Mambo ya Nje. Aliyetakiwa kujibu ni Wizara ya Fedha. Na mwaka huohuo Wakanada zaidi ya milioni moja walikwenda Cuba kuota jua, wakarudi kwao bila mtu kuwauliza chochote. Kwa nini safari ya mke na mume ishughulikiwe na watu wa hesabu? Hapo ndipo ilipo ncha ya uzi, na ukiishika hiyo, mambo mengine yote yanayoonekana kama fumbo yanaanza kufumuka.

Cuba iko kilomita 150 hivi kutoka Key West, kule ncha ya Florida. Ni karibu kuliko Dar es Salaam na Morogoro. Kabla ya 1959 Wamarekani walikuwa wanavuka kwenda Havana kama mtu anavyokwenda mjini Jumamosi: kasino, rumu, mbio za farasi, na mengine ambayo wasingeyafanya mbele ya majirani zao. Meyer Lansky, mmoja wa vigogo wa genge la mafia, alifungua Hotel Riviera ufukweni Desemba 1957. Mwaka mmoja baadaye, alfajiri ya Januari 1, 1959, Rais Fulgencio Batista alikimbia nchi. Fidel Castro, kiongozi wa mapinduzi yaliyomng'oa, alipoingia Havana alifanya makao yake kwa muda katika hoteli ya Hilton, ambayo ilikuwa haijamaliza hata mwaka tangu ifunguliwe. Ikabadilishwa jina, ikawa Habana Libre, Havana Huru. Hoteli ziliingia katika siasa za kisiwa hiki tangu wiki ya kwanza, na hazijatoka mpaka leo.

Uhusiano wa kibalozi ulikatwa Januari 3, 1961. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza kwamba pasipoti zake hazitatumika kwenda Cuba bila idhini maalumu. Februari 1962 Rais Kennedy akapiga marufuku biashara karibu yote na kisiwa hicho, na Julai 1963 zikatoka kanuni za kudhibiti mali za Cuba, chini ya sheria ya 1917 iliyotungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kuzuia biashara na adui. Kuanzia hapo kulikuwa na makufuli mawili: moja kwenye pasipoti, jingine kwenye fedha. Kuyachanganya haya mawili ndiko kunakowapoteza wengi.

Kufuli la pasipoti lilipelekwa mahakamani mapema. Louis Zemel, mkazi wa Connecticut, aliomba aruhusiwe kwenda Cuba, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kawaida kabisa: alitaka kwenda kujionea mwenyewe hali ikoje. Akakataliwa, akashtaki. Mei 3, 1965, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba serikali inayo haki ya kumzuia. Hoja mojawapo iliyokubaliwa ni kwamba Cuba ilikuwa inasafirisha mapinduzi yake nchi za nje, hivyo safari za raia zilikuwa jambo la usalama.

Tarehe hiyo ina uzito wake kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Siku tisa tu kabla ya hukumu, usiku wa kuamkia Aprili 24, Che Guevara alikuwa amevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuingia Congo akiwa na kundi la wapiganaji wa Cuba. Walikuwa wamepitia Dar es Salaam kwa siri, na ili wasitambulike walijipa majina ya Kiswahili, ya namba. Kamanda Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Kwa hiyo Washington haikuwa inaota iliposema mapinduzi yanasafirishwa. Lakini Zemel hakuwa Tatu. Alikuwa raia mwenye hamu ya kuona, na hamu hiyo ndiyo iliyofungiwa mlango. Tangu siku ile msafiri wa kawaida amekuwa akibebeshwa mzigo wa ugomvi ambao si wake, na nitalirudia hili kwa upande wa Havana pia, maana kule nako hawana mikono misafi.

Kufuli la pasipoti lilianza kulegea haraka. Mwaka 1967 mahakama hiyohiyo ikasema kwamba serikali inaweza kuinyima pasipoti idhini, sawa, lakini hakuna sheria inayomfanya mtu mhalifu kwa kwenda tu Cuba bila idhini hiyo. Machi 1977 Rais Jimmy Carter akaliacha kabisa lifike ukomo wake, na Wamarekani wakaweza kwenda. Miaka mitano tu. Mwaka 1982 serikali ya Ronald Reagan ikaurudisha uzio, safari hii ikipitia kwa watu wa fedha: nenda ukitaka, ila usilipie chochote. Usilipe hoteli, usinunue chakula, usitoe nauli ya teksi. Kesi ikafika tena Mahakama ya Juu mwaka 1984, na serikali ikashinda kwa jaji mmoja tu, watano dhidi ya wanne.

Ndiyo maana ukisoma kanuni zenyewe hutaona mahali palipoandikwa kwamba Mmarekani haruhusiwi kukanyaga Cuba. Kinachokatazwa ni muamala. Mtu anaweza kukanyaga, lakini hawezi kula, kulala wala kupanda gari akiwa amejilipia. Na kwa kuwa hakuna binadamu anayekaa wiki nzima bila kula wala kulala, katazo la pochi linakuwa katazo la miguu. Msimamizi wake ni ofisi iliyo ndani ya Wizara ya Fedha inayojulikana kwa herufi zake, OFAC, ileile inayosimamia vikwazo dhidi ya Iran na wauza madawa ya kulevya.

Ofisi hiyo ina orodha ya makundi 12 ya safari zinazoruhusiwa: kutembelea ndugu, kazi za serikali, uandishi wa habari, utafiti na mikutano ya kitaaluma, elimu, dini, maonyesho na michezo, misaada ya kibinadamu, na mengineyo. Safari isiyoingia humo ndiyo inayoitwa utalii, na utalii haupo katika orodha. Mwaka 2000 Bunge la Marekani liliuandika mpaka huo ndani ya sheria yenyewe, likichukua makundi yale 12 kama yalivyokuwa wakati huo. Hili ndilo fundo gumu kuliko yote. Rais anaweza kuyapanua makundi hayo mpaka yakaribie kupasuka, au akayabana mpaka mtu ashindwe kupumua, lakini hawezi kuamka asubuhi akasema utalii umeruhusiwa. Hilo ni la Bunge.

Katika makundi hayo lipo moja linalobeba watu wengi wanaokwenda sasa, linaloitwa kuwasaidia wananchi wa Cuba. Halihitaji barua wala kusubiri kibali. Unaponunua tiketi unachagua sababu ya safari, na umeshajiweka chini ya kibali cha jumla. Masharti yanakuja baadaye: ulale nyumba ya mtu binafsi, ule migahawa ya watu binafsi, siku zako zijae shughuli za kukutana na wananchi na zisiwe za kustarehe tu. Mtu akilala juu ya mchanga wa Varadero, mji wa fukwe za watalii, kutwa nzima amevunja kanuni. Akiulala mchanga huohuo kwa muda wa saa mbili, baada ya asubuhi nzima ya kujifunza ususi kwa mama mmoja wa mjini, yumo ndani. Na risiti na ratiba anatakiwa azitunze. Zamani ilikuwa miaka 5, na tangu Machi 2025 imekuwa miaka 10.

Wasomaji wetu wa Minneapolis, Houston au Toronto walisome hili kwa makini. Kanuni hizi hazimhusu mwenye pasipoti ya Marekani peke yake. Zinamhusu pia mwenye makazi ya kudumu, na yeyote aliyeko ndani ya ardhi ya Marekani. Mkenya mwenye kadi ya kijani anayepita Mexico ili apande ndege ya Havana hajajitoa katika sheria hiyo kwa kuzunguka. Binamu yake wa Toronto, mwenye uraia wa Canada, anaruka moja kwa moja na hana la kueleza.

Kila rais ana mkono wake. George W. Bush mwaka 2004 aliwabana hata Wacuba waishio Marekani: kwenda kumwona mama ni mara moja kila miaka mitatu, siku 14, na shangazi hakuhesabiwa kuwa ndugu wa karibu. Sisi ambao shangazi ndiye anayesimamia harusi na matanga tunaelewa jinsi kifungu hicho kilivyouma. Barack Obama alikifuta mwaka 2009. Desemba 17, 2014 yeye na Raúl Castro, rais wa Cuba na mdogo wake Fidel, walitangaza, kila mmoja katika mji wake, kwamba nchi zao zinarudisha uhusiano. Balozi zikafunguliwa Julai 2015. Machi 2016 Obama alitua Havana, rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kufika huko tangu Calvin Coolidge mwaka 1928. Mwezi Mei meli ya kitalii ikatia nanga ikitokea Miami, na Agosti ndege ya abiria ya ratiba ya kawaida ikatua Santa Clara, mji alipozikwa Che.

Ilikuwa miaka mifupi yenye neema. Watu walipaka nyumba rangi, wakanunua magodoro na viyoyozi kwa fedha walizotumiwa na ndugu wa Florida, wakafungua milango kwa wageni. Wenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950, wanayoyaita almendrones, wakayang'arisha na kuwazungusha wageni kandokando ya Malecón, barabara ya ufukweni ya Havana. Mwaka 2018 kisiwa kilipokea wageni kama milioni 4.7.

Halafu upepo ukageuka. Donald Trump alianza kubana mwaka 2017, na Juni 2019 akapiga marufuku meli za kitalii. Tangazo lilitoka leo, kesho yake likaanza kazi, na meli zilizokuwa zimeshang'oa nanga zikabadilishiwa njia baharini. Mwishoni mwa mwaka huo ndege za kwenda miji mingine zaidi ya Havana zikasimamishwa. Joe Biden akazirudisha mwaka 2022, lakini meli hazikurudi.

Hoja ya wanaobana haiwezi kupuuzwa, na wanaoitetea Cuba kwa mapenzi ya zamani hawapendi kuisikia. Hoteli kubwa za kisiwa hicho nyingi ni za jeshi. Shirika la biashara la jeshi, GAESA, lina tawi la utalii liitwalo Gaviota, lenye hoteli nyingi zinazoendeshwa na kampuni za kigeni kwa mkataba. Wanaobana wanasema: dola unayolipa pale inakwenda kwa majenerali. Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 2017 Washington ilitoa orodha ya biashara ambazo Mmarekani haruhusiwi kuzigusa, na mwaka 2020 ikaongeza orodha ya hoteli.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Havana ya kale. Mwanahistoria wa mji, Eusebio Leal, alipewa mamlaka mwaka 1993, wakati Umoja wa Kisovieti umeshaanguka na Wacuba wanalala njaa, aendeshe hoteli na migahawa na faida yake aitumie kukarabati. Akafanya hivyo. Majumba ya karne ya 18 yaliyokuwa yanadondoka yalisimamishwa tena, na pamoja nayo shule, zahanati, nyumba za wazee. Utalii ulikuwa unaujenga mtaa ambao wenyewe wanaishi. Mwaka 2016 kampuni yake ya hoteli, Habaguanex, ilichukuliwa na jeshi. Leal alifariki mwaka 2020. Mtu akiniuliza kama utalii unaweza kumfaa mwananchi katika nchi ya chama kimoja, nitamwonyesha miaka ile ya Leal, kisha nitamwonyesha 2016.

Serikali ya Cuba nayo ilijenga makufuli yake, tena dhidi ya watu wake. Mpaka 1993 Mcuba kushika dola ilikuwa jinai. Shida ya fedha ilipowalazimisha kuufungua utalii, walifungua kwa wageni tu. Mpaka Machi 2008 Mcuba hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii za nchi yake hata akiwa na fedha mkononi. Angeweza kutandika kitanda cha chumba namba fulani kila asubuhi kwa miaka ishirini, asiruhusiwe kukilalia usiku mmoja. Wenyewe waliita hali hiyo apartheid ya utalii, na sioni neno jingine linalofaa. Kutoka nje ya nchi kulihitaji kibali kilichoitwa kadi nyeupe, pamoja na barua ya mwaliko, mpaka Januari 2013. Na tangu 1997 iko amri inayomtaka mtu wa mikoani aombe ruhusa kabla ya kuhamia Havana. Wanaohamia bila ruhusa huitwa kwa utani wapalestina, watu wasio na kwao ndani ya kwao.

Kibali cha kutoka kilipofutwa, zuio lenyewe halikwisha. Wapinzani wa serikali wamekuwa wakifika uwanja wa ndege na kuambiwa hawawezi kusafiri, na wamepewa hata jina lao, regulados, yaani waliodhibitiwa. Daktari aliyetumwa nje akiacha kazi hufungiwa asirudi nyumbani kwa miaka minane. Wakenya waliotibiwa na madaktari wa Cuba walioletwa kuanzia mwaka 2018 walikuwa wanatibiwa na watu waliobeba sharti hilo mabegani.

Baada ya korona, mizani yote imevurugika. Wageni walikuwa milioni 2.2 mwaka 2024, chini ya nusu ya wale wa 2018. Katika kipindi hichohicho serikali iliendelea kumwaga fedha kwenye hoteli. Katikati ya Havana umesimama mnara wa hoteli wa ghorofa 42, uliofunguliwa mwaka 2025 wakati zaidi ya theluthi mbili ya vyumba vya hoteli nchini vilikuwa vitupu. Oktoba 18, 2024 gridi ya taifa ilizima yote, nchi nzima gizani. Vikwazo vya Marekani vimechangia uhaba wa umeme, kwani vinaizuia Cuba kukopa na kununua vipuri. Lakini aliyechagua saruji ya hoteli badala ya vipuri vya mitambo ya umeme hakuwa Washington.

Kuna uzi mmoja mpya unaowagusa hata wasiokuwa na lolote na Marekani. Januari 12, 2021, siku nane kabla Trump hajaondoka madarakani mara ya kwanza, Cuba ilirudishwa katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Biden alitangaza kuitoa Januari 14, 2025, na Trump akairudisha Januari 20, siku ileile aliyoapishwa. Matokeo yake kwa msafiri ni haya: raia wa Uingereza, Ujerumani au nchi nyingine ambazo watu wake huingia Marekani bila viza, kwa kujaza tu fomu ya ESTA mtandaoni, akiwa amefika Cuba tarehe hiyo ya 2021 au baada yake, anapoteza nafasi hiyo. Hakatazwi kuingia Marekani, ila inabidi aende ubalozini, alipe ada, asubiri usaili. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mrundi mwenye pasipoti ya nyumbani hakuna kinachobadilika, sisi viza tunaomba siku zote. Lakini Mzanzibari wa London mwenye pasipoti ya Uingereza, ambaye ana dada yake New Jersey, inafaa afikirie mara mbili kabla ya kununua wiki moja ya bei nafuu Varadero. Zamani watu walijifariji kwamba Cuba haigongi muhuri kwenye pasipoti, inagonga kwenye kadi ya mtalii. Faraja hiyo haina msaada, kwa sababu fomu ya ESTA inauliza moja kwa moja kama umefika Cuba, na kudanganya katika fomu hiyo ni kosa kubwa kuliko safari yenyewe.

Vikwazo vilivyolenga majenerali vimemfikia zaidi mwenye vyumba viwili. Nyumba za wageni za watu binafsi Cuba huitwa casas particulares, na mlangoni huwekwa alama inayofanana na nanga: ya buluu kwa nyumba inayopokea wageni wa nje, nyekundu kwa inayopokea Wacuba wanaolipa kwa peso. Meli zilipokatazwa, mteja wa Ulaya alipoogopa kuipoteza ESTA yake, na umeme ulipoanza kukatika kwa masaa mengi mfululizo, mwenye nanga ya buluu ndiye aliyebaki na mashuka yaliyofuliwa bila mlalaji. Wengi wameondoka. Katika mwaka wa fedha wa 2022 peke yake, Marekani iliwahesabu Wacuba zaidi ya 220,000 waliofika mipakani mwake.

Anayebaki anaendelea kufuata taratibu. Mgeni akishaingia na kuweka begi chini, mwenye nyumba anachukua pasipoti yake, anaandika jina, namba na uraia katika daftari la wageni, kisha anapeleka taarifa kwa uhamiaji. Mgeni naye, kama ametokea Miami, kabla ya kuzima taa anaomba risiti ya chumba, anaikunja na kuiweka mahali salama. Atatakiwa awe nayo miaka 10.